Ekzosi mpya, nguvu imepungua: niendelee na mfumo mzima au nirudi nyuma?

"Kaka mtaalamu, pole na majukumu. Nina Yamaha R6 ya mwaka 2008 iliyotoka Uingereza, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka jana. Ninaishi Tegeta, kazi yangu iko Posta, na Jumapili huwa tunatoka na wenzangu hadi Bagamoyo. Miezi miwili iliyopita nilipata sailensa ya spoti iliyotumika, fundi akaifunga mchana mmoja tu. Alitoa kile kipande cha ndani chenye matundu akisema kinameza nguvu, na ile valvu ya chini inayovutwa na nyaya akaifunga kwa waya ikae wazi muda wote kwa sababu 'inakaba injini'. Sauti ni ya kutisha kweli, lakini kwenye foleni ya Mwenge pikipiki imekuwa nzito. Kati ya resi ya elfu tano na elfu saba inakuwa kama imelala, halafu inaamka ghafla. Nikiachia mafuta inapasuka kama fataki. Fundi wa pili anasema nimalizie kwa kufunga mfumo mzima, wa tatu anasema nikithubutu pistoni zitaungua. Jirani wa juu ana mtoto mchanga na ameshanijia mara mbili. Niendelee au nirudi nyuma?"

Ndugu yangu, nimepoa. Nianze na lile litakalokupa usingizi: kwa maelezo yako, injini haijaharibika, na karibu kila kilichofanyika kinaweza kutenduliwa. Unachokieleza ni mambo matatu tofauti yaliyochanganywa siku moja na kuonekana kama ugonjwa mmoja. Ulegevu wa kati unatokana na valvu iliyofungwa wazi. Kupasuka unapoachia mafuta, kwa uwezekano mkubwa, kunatokana na hewa inayopenya kwenye maungio ambayo hayakuwekewa gasketi mpya. Kelele inayomwamsha mtoto wa jirani inatokana na kizibo cha sauti kilichotolewa, yaani kile kipande cha ndani chenye matundu. Kila kimoja kina dawa yake, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa kununua mfumo mzima wa ekzosi.

Sasa tuiangalie kwa utulivu hiyo kauli ya kwamba valvu inakaba injini, kwa sababu imenizungukia masikioni kwa miaka mingi, na upande wa pili wake kuna kauli nyingine isiyo sahihi vilevile, ile inayosema kwamba injini lazima ibanwe kidogo nyuma ndipo iwe na nguvu. Mafundi wawili wanaweza kubishana kutwa nzima, mmoja akitetea bomba wazi na mwingine akitetea bomba lililobanwa, na wote wawili wakawa wamekosea, kwa kuwa wanaufikiria moshi kama maji yanayopita kwenye mpira wa bustani. Moshi wa injini hautoki kwa mtiririko. Unatoka kwa mapigo, na kila pigo ni wimbi la mgandamizo linalosafiri ndani ya bomba kwa kasi ya sauti. Ndani ya gesi yenye joto la namna ile, kasi hiyo hufika mita 500 na zaidi kwa sekunde.

Fuatilia wimbi moja tu. Valvu ya kutolea moshi, ile iliyo kwenye silinda, inapofunguka, pistoni haijafika hata chini kabisa. Mgandamizo uliobaki ndani ya silinda unafyatuka kuingia kwenye bomba. Wimbi linakimbia hadi mahali ambapo mabomba manne yanakutana na nafasi inapanuka ghafla. Pale kwenye upanuzi linageuka, na linarudi nyuma likiwa kinyume chake: lilikwenda likisukuma, sasa linarudi likifyonza. Likifika kwenye silinda katika dakika ile ndogo ambapo valvu ya moshi haijafunga kabisa na valvu ya hewa safi imeshaanza kufunguka, linafyonza moshi uliosalia na kuivuta hewa mpya iingie hata kabla pistoni haijaanza kushuka. Hiyo ni nguvu ya bure, na ndiyo inayofanya injini ya sentimita za ujazo 599 itoe nguvu zinazowashangaza watu wenye magari.

Tatizo ni kwamba wimbi lina kasi ile ile wakati injini inabadilisha mwendo. Chukua mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme kutoka valvu ya moshi hadi kwenye upanuzi ni sentimita 90, na wimbi linakwenda mita 550 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni mita 1.8, sawa na milisekunde 3.3 hivi. Kwenye resi ya 12,000, yaani mizunguko 12,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa injini huchukua milisekunde 5, na kutoka valvu ya moshi inapofunguka hadi pistoni inapofika juu ni takriban theluthi mbili za mzunguko, yaani milisekunde 3.3. Wimbi limefika mlangoni kwa wakati, mwenyeji yupo. Sasa shusha resi hadi 6,000. Muda umekuwa mara mbili, milisekunde 6.7. Wimbi lile la kufyonza linafika mapema mno, wakati pistoni bado inasukuma moshi na msaada hauhitajiki. Linageuka tena, linakwenda safari ya pili, na linaporudi mara hii limekuwa wimbi la kusukuma. Linafika sawasawa wakati valvu zote mbili ziko wazi, na badala ya kuvuta moshi nje linaurudisha ndani ya silinda. Injini inavuta pumzi yake yenyewe. Mpanda pikipiki anasema imelala.

Hilo ndilo shimo ulilolisikia kati ya elfu tano na elfu saba. Urefu niliotumia ni wa mfano, wala sijapima mabomba yako, lakini utaona jinsi hesabu inavyokwenda kutua pale pale unapolalamikia.

Wahandisi wa Yamaha walilijua shimo hili tangu zamani, na jibu lao ni hiyo valvu iliyofungwa kwa waya. Wanaiita EXUP, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na FZR1000 ya mwaka 1989 ndiyo iliyoipa umaarufu. Suzuki na Honda nao wana za kwao zenye majina mengine. Kazi yake ni kujifunga kiasi kwenye resi ya chini na ya kati ili ilivunjevunje lile wimbi linalorudi kwa wakati mbaya, kisha kufunguka kabisa resi inapopanda. Kwa hiyo ni kweli kwamba inaziba njia, lakini inaiziba pale ambapo njia ikiwa wazi injini hupoteza, na inaiachia pale ambapo injini inahitaji. Kompyuta ya pikipiki huizungusha kwa mota ndogo na nyaya mbili, na ukiwasha ufunguo katika chumba kimya utaisikia ikijinyoosha. Fundi wako aliifunga wazi daima, na matokeo yake amekupa pikipiki iliyotengenezwa kwa mtu anayekaa juu ya resi ya elfu kumi siku nzima. Wewe unakaa kwenye foleni ya Mwenge.

Ondoa huo waya, rudisha nyaya mbili za valvu kwenye gurudumu lake, zirekebishwe ulegevu kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, na hakikisha valvu yenyewe inazunguka kwa mkono bila kukwama. Valvu hizi huganda kwa kutu na masizi, hasa kwetu sisi tunaoishi karibu na bahari. Ikiwa imeganda, dawa ya kulainisha kutu usiku kucha na subira kesho yake kwa kawaida hutosha. Sailensa yako ya spoti inaweza kubaki, kwa sababu kwenye R6 ya aina yako valvu imekaa chini ya injini, kabla ya sailensa, na kubadilisha sailensa peke yake hakulazimu kuigusa.

Kuhusu fataki. Vijana wengi huichukulia ile milio kuwa dalili ya nguvu, na wapo wanaolipa ili waipate. Unapoachia mafuta, ndani ya bomba hubaki petroli kidogo ambayo haikuungua. Bila hewa mpya, inapita kimya kimya. Ikikuta oksijeni na joto, inaungua ndani ya bomba badala ya ndani ya silinda, nawe unasikia mlipuko. Oksijeni hiyo huingia kwa njia mbili. Moja ni halali: kuna mfumo mdogo wa kiwandani unaopeleka hewa safi kwenye mlango wa moshi ili kupunguza sumu, na ukiwa na sailensa iliyo wazi milio yake husikika zaidi kuliko zamani. Njia ya pili ni ungio linalovuja. Wengi hudhani ungio likivuja ni moshi tu unaotoka, lakini kumbuka yale mawimbi: katikati ya mapigo bomba hufyonza, na ungio lililolegea huvuta hewa ya nje kuingia ndani.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mashine. Pikipiki ikiwa imepoa kabisa, mahali penye hewa ya kutosha, washa kijiti cha udi, kisha washa injini na uitembeze ncha ya udi taratibu kuzunguka kila ungio kabla chuma hakijapata moto. Moshi wa udi ukiruka au ukifyonzwa ghafla kwa vipindi, hapo pana tundu. Mara nyingi utakuta pia mstari mweusi wa masizi unaoonyesha njia. Usifanye hivyo karibu na tangi lililo wazi au bomba la petroli linalovuja, na usiwashe injini ndani ya stoo iliyofungwa hata kwa dakika mbili, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi na haimpi mtu nafasi ya kujuta.

Uvujaji una madhara mengine ambayo hukuyataja, lakini angalia kama umeyaona: je, pikipiki inakunywa mafuta zaidi ya zamani? R6 nyingi zilizouzwa Ulaya zina sensa ya oksijeni kwenye bomba. Tundu likiwa kabla ya sensa, hewa iliyopenya huifanya sensa iamini kwamba mchanganyiko una hewa nyingi, kompyuta inaongeza petroli ambayo haikuhitajika, nawe unakwenda kituoni mara kwa mara ukilaumu bei ya mafuta.

Tuje kwenye pistoni kuungua. Fundi wa tatu hakutunga, amelikuza tu. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, na unapokaza resi yote injini hutaka mafuta zaidi kidogo, karibu 13 kwa moja, kwa ajili ya nguvu na pia kwa ajili ya kupooza chumba cha mwako. Ekzosi inayopitisha zaidi huruhusu hewa zaidi kuingia, na kama kompyuta haijui, mchanganyiko unapungukiwa mafuta na joto linapanda. Ukibadilisha sailensa peke yake mabadiliko ni madogo, na unapoendesha kwa mwendo wa kawaida sensa hurekebisha yenyewe. Ukifunga mfumo mzima kuanzia kwenye kichwa cha injini, ukaondoa na katalisti, yaani ule mfano wa sega la nyuki ndani ya bomba unaosafisha sumu, ukaongeza na kichujio cha hewa cha mashindano, na usiiguse ramani ya mafuta, yaani maelekezo ya kompyuta ya kiasi gani cha petroli kiingie, hapo umejenga pikipiki ambayo kompyuta yake inaendesha injini nyingine kabisa. Ukiipeleka hivyo Barabara ya Morogoro kuelekea Chalinze na kuikaza kwa nusu saa mfululizo katika joto la mchana, maneno ya fundi wa tatu yanaanza kuwa ya kweli.

Je, mfumo mzima haufai basi? Unafaa, kwa mtu mwenye sababu. Faida yake kubwa ya kwanza ni uzito: titani ina gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali chuma kina takriban 7.9, na mabomba ya kiwandani yamebeba katalisti na kuta mbilimbili. Faida ya pili ni nguvu, na hapa nitakuwa mkweli zaidi kuliko matangazo. Sailensa peke yake kwa kawaida hukupa nguvu za farasi moja hadi tatu, tena juu kabisa ya resi, mahali ambapo kati ya Tegeta na Posta huwezi kupafika bila kuvunja sheria. Mfumo mzima ukiambatana na ramani mpya ya mafuta huongeza zaidi ya hapo, lakini gharama si ya mabomba peke yake. Ni mabomba, ni kifaa cha kurekebisha mafuta au kuandikwa upya kwa kompyuta, ni kifaa cha kuidanganya kompyuta kwamba mota ya valvu bado ina kazi, na ni fundi mwenye sensa ya oksijeni yenye upeo mpana wa kupima anayekaa na pikipiki yako akipima na kusahihisha resi kwa resi. Ukiondoa kimojawapo katika mnyororo huo, fedha ya vingine umeitupa. Kwa matumizi uliyonieleza mimi singefunga. Fedha hiyo ningeiangalia upya baada ya kutazama tarehe iliyochapwa ubavuni mwa matairi, kwa sababu pikipiki za namna hii zilizonunuliwa mkononi mara nyingi huja na matairi yenye umri unaotisha kuliko ekzosi yoyote.

Hukusema sailensa yako ni ya nani, na sikulaumu, maana nembo siku hizi haisemi kitu. Akrapovič wa Slovenia, Yoshimura wa Japani na Arrow wa Italia wameigwa kiasi kwamba nembo unaweza kuikuta imegandishwa kwenye kopo la bati. Angalia mshono wa kuchomelea: wa kweli una mawimbi madogo yanayolingana kama magamba ya samaki, wa kuiga una mabonge. Beba sumaku mfukoni. Sumaku haishiki titani wala chuma kisichoshika kutu cha daraja zuri, na ikinata kwa nguvu kwenye kitu ulichoambiwa ni titani, funga pochi uondoke. Tahadhari tu kwamba vipo vyuma visivyoshika kutu vya bei nafuu vinavyoshika sumaku na bado ni vya kiwandani, kwa hiyo sumaku inakuambia kama muuzaji amedanganya jina la chuma, haikuambii kama bomba ni bovu. Kwa mtu wa pwani jambo hili lina uzito wake: chumvi ya baharini huanza kwenye mishono na kwenye vishikizo. Ukizoea kupita Daraja la Tanzanite jioni, upepo ukiwa mkali, suuza mabomba kwa maji baridi yasiyo na chumvi yakishapoa.

Na kabla hujashawishika kwenda Gerezani kukata na kuchomelea bomba la mtaani: mafundi wa pale wana mikono ninayoiheshimu, na kishikizo kilichovunjika ningewapelekea bila kusita. Lakini mfumo uliokatwa kwa jicho unatupa hesabu yote ya mawimbi niliyokueleza. Ukilazimika kuchomelea kitu chochote, bomba litolewe kwanza kwenye pikipiki. Asiyetaka kulitoa, walau achomoe betri na kompyuta, kwa kuwa umeme wa mashine ya kuchomelea hautafuti njia fupi kwa adabu.

Sasa ufungaji wenyewe, ambao ndio uliokosewa tangu mwanzo kwa haraka ya mchana mmoja. Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi. Nati zinazoshika mabomba kwenye kichwa cha injini, kama itabidi uziguse, zipewe dawa ya kutu tangu jana yake. Nilipokuwa mwanafunzi wa gereji niliilazimisha nati moja kwa spana ndefu nikiona ninaonyesha nguvu. Bolti ikakatika ndani ya kichwa cha aluminiamu, ikatuchukua siku mbili kuitoa, na mpaka leo nikishika spana ya namna ile mkono hujizuia wenyewe. Gasketi za maungio ziwe mpya kila mara, kwa sababu kazi yake ni kubonyea mara moja na kujaza nafasi, na iliyokwisha kubonyea haibonyei tena. Vipande vyote vishikizwe kwanza vikiwa vimelegea, kuanzia kichwani hadi kwenye kishikizo cha nyuma, mpaka kila kitu kikae mahali pake bila kuvutwa kwa nguvu. Baada ya hapo ndipo unakaza, ukianzia kwenye injini kurudi nyuma. Nati za kichwani kwenye R6 hukazwa kwa niutoni-mita 20 hivi, kiasi kidogo kuliko mkono wa fundi mwenye hasira, kwa hiyo tumia spana ya kipimo na uthibitishe kwenye kitabu. Bomba linalolazimishwa kwa bolti ya kishikizo ndilo linalopasuka mshono baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mtetemo unalikuta tayari limekunjwa.

Jiepushe na silikoni ya kawaida ya kuzibia, ile ya bomba jekundu inayopakwa kila mahali. Mvuke wake huiua sensa ya oksijeni. Ipo aina iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, itumie hiyo na kwa kiasi. Kabla ya kuwasha, futa mabomba yote kwa spiriti na kitambaa safi, maana alama za vidole zenye mafuta huokwa kwenye chuma na kubaki hapo maisha. Mabomba yakibadilika rangi kuwa ya dhahabu kisha bluu karibu na injini, usishtuke, ndiyo tabia ya chuma hicho kikipata joto. Mwambie mtu mzito akae kiti cha nyuma na uchungulie kama sailensa inagusa mkono wa gurudumu, tairi au mpira wa breki. Endesha dakika 20, acha ipoe kabisa, kaza tena.

Kizibo cha sauti kirudishwe. Najua hutapenda kusikia hivyo. Hasara yake ya nguvu barabarani hutaihisi, lakini kelele utaihisi, kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama shilingi: zikiongezeka 10, nishati ya sauti imekuwa mara kumi, na sikio linaisikia kama imekuwa mara mbili. Kanuni za kimataifa za majaribio ya pikipiki mpya zenye nguvu kubwa zimefikia desibeli 77 inapopita, na sailensa iliyotolewa kizibo huiacha namba hiyo mbali. Kama sailensa ina sufi ya kioo ndani, mwombe fundi aifungue. Sufi huungua na kupungua kadiri miaka inavyokwenda, na kwa kitu kilichotumika kama chako huenda imebaki majivu. Kuijaza upya kutamfurahisha jirani kuliko samahani ya tatu.

Kuna hoja kwamba kelele humwokoa mpanda pikipiki kwa kuwa madereva wanamsikia. Sauti ya ekzosi inaelekea nyuma, hatari yako kubwa iko mbele, na dereva aliyefunga vioo na kuwasha kiyoyozi na muziki anakusikia ukishampita. Anayekusikia kwa hakika ni wewe. Wanaoshughulikia afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa kikomo, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Upande wa sheria, pamoja na Sheria ya Usalama Barabarani, ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, kwa hiyo jirani yako akichoka kupanda ngazi za kwako anazo ngazi nyingine za kupanda.

Yapo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, na hayo yakitokea usisubiri jibu langu. Kama taa ya injini inawaka baada ya kurudisha nyaya za valvu, pikipiki isomwe na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta, kwa kuwa huenda mota yenyewe ilichomolewa au ilikatwa waya. Kama mabomba yanakuwa mekundu ukiwa umesimama, kama joto linapanda bila sababu, kama unasikia mlio wa kugonga unapokaza resi, au kama plagi zikitolewa ni nyeupe kama chokaa, zima na uibebe kwenye gari. Nati ikigoma kwenye kichwa, iachie hapo hapo ilipogoma na umtafute mtu mwenye vifaa vya kutolea bolti. Na kama wewe au abiria wako huumwa kichwa kila mnaposimama kwenye foleni, tundu lako ni kubwa kuliko udi ulivyoonyesha. Pikipiki isiwashwe tena mpaka gasketi mpya zifungwe.